Mwenyeji Langoni

Utamaduni wa taifa unapotajwa, fikira za watu wengi hukimbilia ngoma, mavazi, ushairi, jando na unyago, na vyakula vya sherehe. Ni wachache wanaokumbuka kwamba namna watu wanavyoitazama nchi yao, majina wanayoyapa mapori na mito yake, na jinsi wanavyoruhusiwa au kukatazwa kukanyaga humo, nayo ni sehemu ya utamaduni huo, tena si sehemu ndogo. Katika insha hii tunakusudia kulizungumza jambo hilo kwa kukitazama kitu kimoja ambacho kila aliyefika kwenye hifadhi ya taifa amekiona, nacho ni lango, pamoja na kiingilio kitozwacho hapo. Tutauliza lango hilo lilitoka wapi, mwananchi mwenye kipato kidogo hulipita kwa njia gani, na kama siku za kuingia bure, ambazo nchi kadhaa duniani zimeziweka, zingetufaa na sisi.

Hatuna budi kuanza kwa kuondoa dhana moja. Wapo wasemao kwamba zamani pori lilikuwa halina mwenyewe, kila mtu akiingia na kutoka apendavyo. Hilo si kweli. Katika sehemu nyingi za nchi yetu palikuwa na misitu ya matambiko ambayo mtu hakuikanyaga ila kwa idhini ya wazee, na palikuwa na miiko juu ya wanyama wa kuuawa na wasiouawa. Aliyeua ndovu alijua kwamba pembe iliyogusa ardhi mnyama alipoanguka ilikuwa haki ya mtawala wa nchi ile, na pembe ya pili ndiyo yake. Tunaweza kusema kwamba hicho kilikuwa kiingilio, ijapokuwa kililipwa wakati wa kutoka. Tofauti ni kwamba mwindaji alimjua anayemlipa, na alijua kwa nini analipa.

Mambo yalibadilika walipokuja wakoloni. Mwaka 1896 gavana wa Kijerumani, Hermann von Wissmann, alitoa amri ya uwindaji iliyoweka vibali na ada zake, na kutenga maeneo mawili ya kuhifadhiwa, moja upande wa Rufiji na jingine magharibi ya Kilimanjaro. Tangu hapo babu zetu waliokuwa wawindaji wakaanza kuitwa majangili. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Waingereza waliendelea na kazi hiyo hiyo kwa jina jingine. Pori la Rufiji walilipanua, na mwaka 1922 wakalipa jina la Frederick Courteney Selous, mwindaji mashuhuri wa Kiingereza aliyeuawa vitani huko Beho Beho mnamo Januari 1917.

Wananchi wa kandokando ya pori lile, hata hivyo, walikuwa na jina lao. Waliliita Shamba la Bibi. Wazee husimulia kwamba Kaisari wa Ujerumani alimzawadia mkewe pori lote hilo, na ndiyo asili ya jina. Hatuhitaji kuithibitisha hadithi hiyo kwa hati ili tuione maana yake. Mtu aliyezaliwa kando ya mto, ambaye baba yake alirina asali kule ng'ambo, aliambiwa siku moja kwamba huko hakwendeki tena. Akatafuta katika mambo aliyoyajua mfano wa kitu kikubwa namna ile ambacho mwenyewe haonekani, halimi, havuni, na bado kina walinzi. Akapata shamba la bibi wa mtawala aliye mbali. Sisi tulio na mazoea ya kupima maneno kwa mizani tunakiri kwamba ni mara chache tumeona maneno mawili yaliyobeba historia nzito kiasi hicho. Na yule afisa wa serikali aliyesimamia wanyamapori watu walimwita Bwana Nyama, jina ambalo pia linaeleza mengi juu ya nani alikula na nani alitazama.

Hifadhi za taifa kwa maana tuijuayo leo zilikuja baadaye. Ya kwanza katika Afrika Mashariki ilikuwa ile ya Nairobi, mwaka 1946. Huku Tanganyika sheria ya hifadhi za taifa ilitungwa mwaka 1948, na Serengeti ikawa hifadhi kamili mwaka 1951. Jina lenyewe ni la Kimasai, nalo hueleza uwanda usiokuwa na mwisho. Mwanzoni Ngorongoro ilikuwa ndani ya hifadhi hiyo, na Wamasai waliendelea kuchunga humo. Baada ya mabishano ya miaka kadhaa, mwaka 1958 ilikubaliwa kwamba watoke katika Serengeti, na mwaka 1959 Ngorongoro ikatengwa na kuwekewa utaratibu wake, ambamo mfugaji na mnyamapori wangekaa pamoja. Hivyo ndivyo lilivyojengwa lango la kwanza kubwa katika nchi yetu. Jina lilikuwa la mwenyeji, na ardhi ilikuwa ya mwenyeji, lakini waliolipita lango hilo kwa starehe walikuwa wengine.

Uhuru ulipokaribia, wako waliodhani kwamba Waafrika wakishika serikali wangezifuta hifadhi zote. Badala yake, Septemba 1961, miezi mitatu kabla ya bendera kupandishwa, Mwalimu Julius Nyerere alitoa tamko huko Arusha akieleza kwamba wanyamapori na makazi yao ni amana, na kwamba serikali mpya ingefanya kila iwezalo ili wajukuu wetu nao wairithi. Ahadi hiyo ilitekelezwa. Chuo cha Mweka kilifunguliwa mwaka 1963 kuwafundisha Waafrika kazi ya kuhifadhi wanyamapori. Hifadhi za Mikumi na Ruaha zilifuata mwaka 1964, Gombe 1968, Tarangire 1970, Katavi 1974, na nyingine baada yake, hata leo zimepita ishirini. Sehemu kubwa ya lile Shamba la Bibi nayo ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2019, ikapewa jina la Nyerere, na sasa ndiyo kubwa kuliko zote nchini.

Lakini kumiliki ni jambo moja, na kufika ni jambo jingine. Mwaka 1970 vijana wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wasomi wengine walibishana vikali gazetini juu ya utalii na ujamaa. Mabishano hayo yalikusanywa na Issa Shivji katika kitabu kilichotoka mwaka 1973. Wapinzani wa utalii waliogopa kwamba taifa lingegeuka kuwa la watumishi wa hoteli, watu wa kubeba mizigo ya wageni. Watetezi walisema nchi inahitaji fedha za kigeni. Tukisoma hoja za pande zote mbili leo, jambo linalotushangaza ni kwamba karibu kila aliyeandika alimwona mtalii kuwa ni mgeni. Kwamba mkulima wa Kilosa au karani wa Tabora naye angetaka kumwona twiga kwa kuwa twiga anapendeza, hilo halikuwatuma wengi kulifikiri. Tumezoea kusema mgeni njoo mwenyeji apone. Ni methali nzuri, lakini katika jambo hili imetufanya tumwandalie mgeni kiti, na mwenyeji tukamwacha jikoni.

Yawapasa wasomaji wafahamu pia kwamba serikali haikumtoza mwananchi sawa na mgeni. Katika viwango vilivyotumika mwaka 2023, raia wa Afrika Mashariki aliyekuwa mtu mzima alilipa shilingi 10,000 kuingia Serengeti na shilingi 5,000 kuingia Mikumi, bila kuhesabu kodi, ilhali mgeni kutoka nje alilipa Serengeti kati ya dola 60 na 70 za Marekani kwa kutegemea majira. Mtoto wa raia alilipa shilingi 2,000, na aliye chini ya miaka mitano hakulipa kitu. Mwenye kuzilinganisha namba hizi ataona kwamba mwananchi hakusahauliwa. Basi kwa nini bado wengi wetu hufa bila kumwona ndovu ila katika picha ya noti?

Jibu ni kwamba kiingilio ndicho gharama ndogo kuliko zote. Hifadhi nyingi haziruhusu mtu kutembea kwa miguu apendavyo, maana simba hasomi mabango, kwa hiyo ni lazima uwe na gari. Gari nalo lina kiingilio chake. Barabara za ndani nyingi hazifai kwa gari dogo lililochoka kama yalivyo magari yetu. Kulala ndani ya hifadhi ni kwa wenye uwezo. Halafu ipo gharama isiyoandikwa popote, nayo ni aibu. Tumewasikia kwa masikio yetu watu wazima wakisema kwamba mbuga ni mambo ya Wazungu. Maneno hayo hayatokani na umaskini wa fedha peke yake. Ni kovu la lile Shamba la Bibi.

Hata hivyo wananchi hawakukaa tu wakisubiri. Walizipata njia zao, na wanahistoria wa utamaduni wangefanya vema kuziandika. Njia iliyo maarufu kupita zote ni ile ya basi. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Iringa na Zambia hukata katikati ya Hifadhi ya Mikumi kwa kiasi cha kilomita 50, na abiria wa basi hapiti langoni wala hadaiwi kiingilio. Tulipokuwa wanafunzi wa sekondari katika miaka ya themanini, tukisafiri kwenda shule nyanda za juu, tulijua mapema kiti cha kugombania. Basi liliposhuka kutoka Doma wasafiri waliacha mazungumzo. Mama aliyekuwa akisinzia aliamshwa na jirani asiyemjua. Kisha mtu mmoja angepaza sauti, "Haoo!", na basi zima likainamia upande mmoja kutazama pundamilia, swala na nyati, na pengine ndovu amesimama kando ya lami akipepea masikio kana kwamba anasubiri kukatiwa tiketi. Hatukuwa na darubini wala kitabu cha maelezo. Wenye kujua waliwaeleza wasiojua, tena kila mmoja kwa jina la lugha ya kwao, na ubishi juu ya majina hayo ulitufikisha Iyovi kabla hatujatambua. Tunathubutu kusema kwamba Watanzania wengi walioona wanyama wa porini kwa macho yao wamewaona hivyo, kupitia kioo cha basi, kwa nauli ya safari nyingine kabisa.

Reli ya TAZARA, iliyozinduliwa mwaka 1976, nayo ilifanya kazi kama hiyo. Kati ya Fuga na Kisaki treni hupita katika pori la Selous, ambalo kwa upande huo sasa ni Hifadhi ya Nyerere, na abiria wa daraja la tatu akiwa na maandazi yake mkononi humwona twiga sawasawa na yule wa daraja la kwanza.

Mwanza walikuwa na bahati nyingine. Mwaka 1964 serikali ilianzisha bustani ya wanyama katika kisiwa cha Saanane, ambacho kimepewa jina la mzee Saanane Chawandi aliyekuwa akilima na kuvua hapo. Kusudi lilikuwa zuri sana: ikiwa mwananchi hawezi kumfuata mnyama Serengeti, basi mnyama aletwe karibu na mwananchi. Kisiwa hicho kilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2013, na mpaka leo ni mwendo wa dakika chache kwa mtumbwi wa injini kutoka mjini. Shuleni nako, klabu za Malihai zilizoanzishwa mwaka 1980 zimewapeleka watoto wengi mbugani katika malori na mabasi ya kukodi, wakilala katika mabweni ya wanafunzi kama lile la Mikumi. Mtoto aliyekwenda hivyo hasahau. Tunamjua mwenzetu mmoja ofisini ambaye hakumbuki hata somo moja la hesabu, lakini ataeleza rangi ya ndege aliyemwona akiwa darasa la sita.

Sisi wenyewe, watumishi tusio na mishahara ya kujivunia, tumejifunza kwenda kwa kuchangishana. Watu ishirini na watano hukodi basi dogo, kila mmoja akatoa sehemu yake kidogo kidogo kwa miezi minne kama mchezo wa kupeana fedha, chakula kikapikwa nyumbani usiku, na malazi yakawa katika nyumba za wageni mjini nje ya hifadhi. Langoni inapasa kufika saa 12 asubuhi linapofunguliwa, kwa kuwa mnyama hamngoji mtu aliyechelewa kunywa chai, na tena inapasa kuuliza mapema njia ya malipo. Safari yetu ya kwanza tulifika na fedha taslimu ndani ya bahasha, tukaambiwa fedha taslimu hazipokelewi. Saa mbili zilipita mweka hazina wetu akihangaika na simu, na sisi tukiwatazama ngedere waliokuwa wakitutazama. Kosa lilikuwa letu.

Sasa tuje kwenye siku za bure. Afrika ya Kusini ilianza mwaka 2006 kuwa na juma moja kila mwaka, mnamo Septemba, ambapo raia mwenye kitambulisho huingia bila malipo katika hifadhi nyingi za taifa kwa matembezi ya mchana. Ili kuielewa hatua hiyo ni lazima kukumbuka kwamba Hifadhi ya Kruger iliundwa mwaka 1926, na kwamba kwa miaka mingi ya ubaguzi Waafrika walioizuru walitengewa kulala katika kambi ndogo ya Balule tu. Juma la bure, kwa hiyo, lilikuwa na maana kubwa kuliko nafuu ya fedha. Lilikuwa mwaliko kwa watu ambao babu zao walifukuzwa. Jirani zetu wa Kenya walifungua hifadhi zao bure Jumamosi ya tarehe 28 Septemba 2024, katika kuadhimisha Siku ya Utalii Duniani.

Marekani, ambako hifadhi za taifa zilianza kwa Yellowstone mwaka 1872, nako wana siku kadhaa za bure kila mwaka, na historia yao ina mafunzo. Kiingilio cha magari kilianza kutozwa huko Mount Rainier mwaka 1908. Ubaguzi wa rangi nao haukukosekana. Katika Hifadhi ya Shenandoah, mwaka 1939 ilifunguliwa kambi ya Lewis Mountain iliyotengwa kwa ajili ya watu weusi, na utengano huo haukuondolewa kabisa mpaka mwaka 1950. Baadaye sana siku ya kumkumbuka Martin Luther King ikawa mojawapo ya siku za kuingia bure, na ile ya Juni 19, ya kukumbuka mwisho wa utumwa, nayo ikaongezwa. Katika orodha iliyotangazwa kwa mwaka 2026 siku hizo mbili ziliondolewa na nyingine zikawekwa mahali pake, na nafuu hiyo ikawa kwa wakazi wa Marekani pekee. Watu wengi walilalamika, wala si kwa sababu ya dola chache. Walielewa kwamba taifa linapochagua siku ya kufungua milango yake bure, linataja pia lile linalolienzi.

Na sisi tungechagua siku gani? Tumewahi kulizungumza jambo hili na wenzetu, na wa kwanza kusema hutaja tarehe 9 Desemba. Wana sababu: usiku wa kuamkia siku hiyo mwaka 1961, Alexander Nyirenda aliuwasha Mwenge juu ya kilele cha Kilimanjaro, na kilele hicho kikaitwa Uhuru. Ni siku gani basi ingefaa zaidi kuwapandisha wananchi mlimani? Wengine hutaja tarehe 26 Aprili, Siku ya Muungano.

Tunaomba kutofautiana nao. Desemba mvua za vuli zinanyesha katika sehemu nyingi, na Aprili ndiyo masika yenyewe. Majani ni marefu kuliko swala, maji yapo kila bonde kwa hiyo wanyama hutawanyika, na barabara za ndani hugeuka tope. Mkulima naye yuko shambani, anapanda au anapalilia, na mfukoni hana kitu. Siku ya bure ikichaguliwa na mtu wa ofisini, na sisi ni watu wa ofisini, yaelekea itaanguka siku ambayo bure yenyewe haina wa kuichukua. Bora iwe Saba Saba, tarehe 7 Julai, siku iliyozaliwa TANU mwaka 1954, au Nane Nane, sikukuu ya wakulima. Wakati huo mavuno yako ghalani, ardhi ni kavu, majani yamekatika, na wanyama wa Mikumi, Ruaha na Tarangire hukusanyika kwenye maji yaliyobaki. Tena si siku moja peke yake. Mtu wa Namtumbo hawezi kwenda na kurudi kwa siku moja. Juma zima lingemfaa, na yale mabasi ya shule na ya idara ambayo hulala yadi wakati wa likizo yangemfaa zaidi kuliko kusamehewa hizo shilingi 5,000.

Tukiyasema haya tunajua hoja ya upande wa pili, nayo ni nzito. Fedha ya kiingilio ndiyo inayomlipa askari anayelala porini akilinda faru, na hifadhi chache zenye wageni wengi ndizo zinazozibeba nyingi zisizokuwa na wageni. Lakini juma moja la raia kuingia bure halitamkosesha askari mshahara wake, maadam raia wenyewe ndio hao ambao kwa sasa hawaji.

Kuna aina nyingine ya siku ya bure ambayo imekwisha kuwako nchini mwetu bila kuitwa jina hilo, na ndiyo iliyotusukuma kuandika. Hifadhi ya Milima ya Udzungwa ilianzishwa mwaka 1992. Imepewa jina la Wadzungwa, watu wa milima hiyo. Haina barabara za ndani za kuzungukia kwa gari. Huingiwa kwa miguu, mgeni akiongozwa, na basi la Ifakara humshusha mtu Mang'ula karibu na lango, kwa hiyo ni miongoni mwa hifadhi zilizo nafuu kwa mwananchi. Kwa miaka mingi baada ya kuanzishwa kwake, wanakijiji wa upande wa mashariki waliruhusiwa kuingia kwa siku maalumu kuokota kuni zilizokauka. Ruhusa hiyo ilisitishwa mwaka 2011 ili msitu usiendelee kuchakaa, na watu wakahimizwa kupanda miti yao na kutumia majiko yanayookoa kuni. Sababu zilikuwepo, nasi hatuzikatai: msitu ule una viumbe wasiopatikana mahali pengine popote duniani. Mmoja wao ni yule nyani aliyejulikana kwa wataalamu mwaka 1979 na kupewa jina la Sanje. Wenyeji walikuwa wakimwita ng'olaga siku zote.

Miaka michache iliyopita tulikwenda huko kwa mchango wetu wa kawaida, tukafikia kwa mama mmoja mtu mzima aliyekuwa akiuza chakula. Katika mazungumzo tulimwuliza kama amewahi kuyaona maporomoko ya Sanje, yashukayo kiasi cha mita 170. Akacheka. Akasema, "Wanangu, mimi msitu huo nimeuingia kila juma tangu mabinti zangu wakiwa mgongoni. Sikwenda kutazama maji. Nilikwenda kutafuta moto." Tukashauriana, tukamlipia kiingilio chake, na kesho yake akafuatana nasi akiwa amevaa kanga mpya na raba za mjukuu wake.

Kijana aliyetuongoza alimwamkia, "Shikamoo, Bibi," na kwa nusu saa ya kwanza alitueleza alivyofundishwa, kwa ufasaha mkubwa. Kisha pole pole mambo yakageuka. Kijana alipofika kwenye mti fulani alinyamaza kidogo na kumtazama yule mama, naye mama akataja jina lake, kazi ya magome yake, na kama kuni zake zina moshi au hazina. Mvule aliujua, mkangazi aliujua, na mingine ambayo sisi na Kiswahili chetu chote hatukuwa na neno lake. Sauti ilipolia juu ya miti yeye ndiye aliyesema kwanza, "Ng'olaga." Kijana alitoa daftari akaandika majina matatu.

Tulipofika kwenye maporomoko mama alikaa juu ya jiwe, akavua raba, akatia miguu majini, akakaa muda mrefu bila kusema. Hatukumwuliza kitu. Wakati wa kushuka tulikuta tawi kubwa lililokauka limelala kukata njia, kavu kabisa, la aina aliyotuambia asubuhi kuwa haina moshi. Aligusa tawi kwa ncha ya mguu. Kijana alimtazama, naye akamtazama kijana. Kisha akakunja kanga yake, akaliruka, akatutangulia kwenda langoni.